Togwa ya watoto: angalia kimea, na usiharakishe kupoza uji

Je, uji uliochemka vizuri unaweza kugeuka togwa inayomharisha mtoto? Ndiyo. Baada ya kimea kutiwa, togwa haichemshwi tena, kwa hiyo uchafu wowote unaoingia wakati huo unabaki humo.

Togwa inajulikana katika mikoa mingi ya Tanzania. Familia za Burundi zinazojua impeke, pombe ya mtama, zitatambua hatua za mwanzo: nafaka huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Ndiyo maana uji mzito ukitiwa kimea huwa mwepesi baada ya muda mfupi, na mtoto hupata chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile. Kwa familia inayohesabu kila kilo ya unga, hiyo si faida ndogo.

Tumia ulezi ukiweza kuupata. Chipukizi za mtama zina kemikali inayotoa sumu ya sianidi, kwa hiyo ukitumia mtama, kausha kisha pukuchua na kupepeta mizizi na chipukizi zote kabla ya kusaga. Nafaka iliyoota ukungu itupwe, hata kama ni nyingi. Sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Kisha poza uji. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, joto litaharibu vimeng'enya na uji utabaki mzito. Subiri hadi uweze kushika ubavu wa sufuria bila kuondoa mkono. Usichovye kidole, na usiongeze maji ya bombani ili upoe haraka; kama ni lazima kuongeza maji, yawe yaliyochemshwa na kupoa.

Mtengeneza pombe, kioevu chake kikishapoa, hukikoroga kwa nguvu au kukimimina kutoka chombo hadi chombo. Anaingiza hewa kwa sababu hamira huhitaji oksijeni mwanzoni ili iongezeke. Wewe huhitaji hilo. Togwa ya mtoto hutegemea bakteria wa asidi ya laktiki, ambao hufanya kazi bila hewa. Changanya kimea taratibu kwa mwiko safi, funika, acha mahali penye joto saa 12 hadi 24. Asidi inayotokea huzuia vijidudu vingi vya kuhara, jambo ambalo watafiti nchini Tanzania walilionyesha miaka ya 1990.

Ikikaa siku kadhaa, hamira ya asili huanza kutengeneza kilevi. Hiyo wasipewe watoto.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee. Na mtoto akiharisha, togwa si dawa: mpe maji ya chumvichumvi ya ORS na umpeleke kituo cha afya.