Chupa moja ya Javel, kazi mbili: kulinda migomba na kulinda maji



Mtu akitaja kemia, ile watoto wetu wanaita shimi kwenye masomo, wengi wanafikiria dawa kali za kupuliza, ama mabomu. Lakini katika nyumba zetu nyingi kuko kemia ya bei ndogo: Javel, ile tunafulia nguo nyeupe. Leo tunaeleza namna inavyoweza kuokoa shamba na namna inavyoweza kuokoa mtoto.

Ugonjwa wetu wa migomba

Wilt ya bakteria iliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, juu ya ensete, mmea wa jamaa moja na mgomba. Mwaka 2001 ilionekana Uganda, na mwaka huo huo hapa Masisi. Ndiyo kusema katika Kongo nzima, sisi ndio tulitangulia kuipata. Wengine wanaiita kirabiranya.

Dalili zake munazijua: majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizikata ndani ni rangi ya kahawia, na shina linatoa usaha wa manjano. Ndizi hizo haziliwi, hazifai hata kwa kasiksi. Na mgomba ndio benki ya nyumba nyingi: unalipa shule, unalipa matunzo ya hospitali.

Hakuna dawa ya kupuliza inayoponyesha mgomba uliokwisha kushikwa. Anayewauzia dawa ya namna hiyo anawala pesa bure, na sumu yake itashuka mtoni. Kinachowezekana ni kufunga njia. Bakteria inasafiri na wadudu wanaotua kwenye ua, na miche ya mgonjwa, na zaidi sana na panga. Mgomba unaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili. Unakata majani yake, panga inabaki na utomvu, unaingia kwa unaofuata: tayari umeupandikiza.

Pahali Javel inaingia

Ndani ya Javel kuko klorini. Ikigusa bakteria, inachoma ngozi yake na kuharibu kila kitu kinachoifanya iishi. Pima kikombe kimoja cha Javel kwa vikombe vitano vya maji. Tumbukiza bamba lote la panga, kisha ndipo ukate mgomba mwingine. Fanya vile kila unapotoka kwenye shina moja kwenda lingine.

Lakini klorini haichagui. Ikikuta udongo na utomvu, inaisha nguvu juu ya huo uchafu kabla ya kufika kwa bakteria. Kwa hiyo pangusa panga kwanza. Maji yakichafuka, yamwage, tengeneza mengine. Jua pia linaiua Javel: iweke kivulini, ifunikwe, na ile uliyochanganya na maji isilale mpaka kesho yake. Jioni suuza panga na maji safi, kwa sababu Javel inakula chuma.

Huna Javel? Moto unafanya kazi ile ile. Pitisha bamba kwenye ndimi za moto mpaka liwe moto kiasi cha kutogusika.

Shina linaloonyesha dalili likate chini kabisa, sawa na udongo, uliache pale pale. Usilibebe kupita katikati ya shamba. Mashina mazima ya shina moja yasikatwe pamoja nalo: mara nyingi bakteria haifiki kwa yote, lakini yachunguze kila mara. Na ile sehemu nyekundu inayoninginia chini ya rejime, ivunje na kijiti chenye panda mara tu kichane cha mwisho kikitoka. Usitumie panga.

Kazi ya pili: maji

Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Goma, kolera na kuhara damu viliua maelfu kwa maelfu ya watu katika majuma machache. Hata leo, pahali watu wanapokimbia vita na kubanana karibu ya chemchemi moja, kolera haiko mbali.

Klorini inaua mdudu wa kolera pia. Kama etiketi ya Javel inaandika asilimia 5 mpaka 6, na haina harufu ya manukato wala sabuni, tia nusu ya kijiko kidogo cha chai ndani ya bidoni ya litre 20 ya maji maangavu. Koroga, funika, ngojea dakika 30. Maji ya matope yachuje kwanza na kitambaa safi. Kama etiketi haisemi nguvu yake, usibahatishe: uliza muuguzi wa kituo cha afya.

Ile ile inaweza kuua

Usichanganye Javel hata kidogo na ndimu, na asidi ya kusafishia choo, wala na mkojo. Inatoa hewa ya sumu. Tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 1915, kule Ypres, Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yaliachilia hewa ya klorini juu ya askari, wakafa wakikosa pumzi. Klorini ni moja; mikono ndiyo tofauti. Chupa ikae mbali na watoto, na isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda.

Tunachowaomba

Mtu mmoja akisafisha panga na jirani asisafishe, wote wawili watapoteza. Kwa mkutano wenu ujao, kateni shauri juu ya mambo matatu. Moja: koperative inunue Javel kwa pamoja, ndio bei inashuka. Mbili: kila shamba liwe na panga yake isiyotoka. Tatu: mnunuzi wa ndizi asiingie na panga yake, mwenye shamba ndiye akate rejime, amtolee njiani. Hata kibarua wa siku anayetoka shamba hili kuingia lile, apewe panga ya pale.

Musingoje mgomba wa kwanza unyauke ndio muitane.