Kisangani: thamani ya kitenge imo kwenye mchoro

Mnunuzi mzoefu wa vitenge katika soko la Kisangani haanzi na bei. Anageuza kitambaa na kutazama upande wa nyuma: rangi ikiwa imekolea pande zote mbili, anaendelea kukikagua, ikiwa imefifia, anajua kimechapwa upande mmoja tu. Kisha anafuata nyufa, ile mishipa myembamba inayokatiza maua. Kwenye kitenge cha waksi halisi, resini hupakwa pande zote mbili za pamba, huvunjwavunjwa ikishakauka, na kitambaa kikichovywa, rangi hupenya kwenye nyufa hizo. Hakuna yadi mbili zinazotoka sawasawa. Kwenye nakala, nyufa zimechorwa pamoja na ua; ukilifuata ua lilelile mbele kidogo, utaukuta ufa uleule.

Ufundi huu ni wa batiki ya Java, ambao Waholanzi waliutia mashine. Vlisco, kampuni ya Helmond iliyoanza 1846, bado ndiyo jina kubwa nchini Kongo, ingawa wengi hawaimudu bei yake. Chini yake zimejaa nakala kutoka Asia, ambazo wafanyabiashara wa Butembo huziingiza kupitia Mombasa.

Mji una kiwanda chake, Sotexki, kilichojengwa miaka ya 1970 ili pamba isokotwe, ifumwe na kuchapwa hapahapa. Vita, vikiwemo vile vya siku sita vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, vimeuumiza sana uchumi wa mji huu, na umeme wa bwawa la Tshopo si wa kutegemea. Kwa bei, kiwanda cha hapa hakiiwezi China. Kwa mchoro, naamini kinaweza.

Tazama "Six bougies", kitenge chenye plagi sita za injini. Wauzaji na wavaaji ndio waliokipa jina, wakimaanisha mwanamke mwenye uwezo wa kumiliki gari la silinda sita, na jina hilo limekiuza kwa miongo kadhaa. Kule Lomé, Togo, akina mama walioitwa Nana Benz walipewa haki ya kuuza peke yao michoro fulani na wakashauri kuhusu rangi, ndipo walipotajirika. Mama zetu wa soko wana jicho lilelile, lakini faida ya mchoro huenda kwa mwenye rola za kuchapia.

Kiwanda kiwaite mama hawa mezani. Parokia zenye jubilei, vyama, kampuni na sherehe za Siku ya Wanawake, 8 Machi, zinahitaji vitenge vyenye sura ya kwao. Mitego ya wavuvi wa Wagenia pale kwenye maporomoko ya mto, vikapu vya umbo la koni vilivyofungwa kwenye nguzo, ingekaa vizuri kwenye mchoro unaojirudia. Sheria ya mali ya viwanda ya 1982 inalinda michoro iliyosajiliwa. Gharama ya usajili iingie kwenye bajeti kabla rola haijachongwa, maana nakala haichelewi kufika.