Okidi na kasuku: Jinsi ya kuvitunza pamoja katika nyumba za Pwani

KUKUZA okidi za sapatu katika nyumba yenye kasuku mtundu kunawezekana Likoni, Kisauni na Changamwe, mradi mwenye nyumba aelewe mahitaji ya mmea na ya ndege.

Okidi hizi, ambazo asili yake ni misitu ya Asia, zimepewa jina hilo kwa sababu petali moja ya ua imejikunja mfano wa ncha ya sapatu. Mdudu anayetumbukia humo haliwi, bali hutokea kwa njia nyembamba ya nyuma akiwa amebeba chavua.

Okidi nyingi huhifadhi maji katika mashina manene, lakini za sapatu hazina akiba hiyo. Mizizi ikikauka, mmea hudhoofika. Ikituama majini, huoza. Kwa hivyo hupandwa katika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na vipande vya makaa. Kwanza makumbi hulowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili chumvi itoke.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Maji ya visima vingi vya Pwani huunguza ncha za majani, hivyo maji ya mvua ndiyo bora. Mmea uwekwe kivulini penye upepo. Aina zenye majani ya madoadoa hustahimili joto kuliko zile za kijani kitupu.

Kasuku naye hararui majani kwa ukaidi. Mdomo wake hukua daima, na porini hushinda akitafuta chakula na kutafuna miti. Akikosa kazi, hugeukia chungu cha maua. Apewe vijiti vya mpera visivyopuliziwa dawa, na chungu kining'inizwe mbali na tundu. Kinachoweza kumuua zaidi ni dawa ya wadudu na mbolea, wala si okidi yenyewe. Parachichi pia ni sumu kwake.

Sheria nayo isipuuzwe. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka wa 2016 uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Okidi za sapatu zilizong'olewa msituni nazo zinalindwa na mkataba huo. Nchini Kenya, kufuga kasuku huyo kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mnunuzi adai stakabadhi kabla ya kutoa fedha.