Kombe la kumuenzi marehemu lisizae msiba mwingine

Mwanafunzi wa zamani akifariki, wenzake wakati mwingine huandaa mashindano kwa jina lake. Kombe linanunuliwa, jezi zinachapishwa, wazazi wanafika uwanjani. Ni jambo jema. Lakini anayekumbukwa anaenziwa zaidi pale watoto wote wanaporudi nyumbani salama.

Rowan Stringer wa Ottawa, Kanada, alikuwa na miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya wasichana katika Sekondari ya John McCrae. Mwezi Mei 2013 aligongwa kichwa mara mbili ndani ya siku chache. Aliwaandikia rafiki zake kwenye simu kwamba huenda ubongo wake umetikisika, hata akatafuta habari za tatizo hilo kwenye intaneti. Wazazi wake hawakujua. Mei 8 aliingia tena uwanjani, akaangushwa na kugonga kichwa. Alifariki Mei 12.

Ubongo uliotikisika unahitaji muda kupona. Ukipata pigo jingine kabla haujapona, unaweza kuvimba ghafla na kuua.

Uchunguzi wa kifo chake, mwaka 2015, ulitoa mapendekezo 49. Mwaka 2018 jimbo la Ontario likapitisha sheria yenye jina lake: mchezaji anayehisiwa kutikisika ubongo anatolewa, harudi siku hiyo, na hachezi tena mpaka mtaalamu wa afya amruhusu.

Kwetu raga ina wachezaji wachache, lakini vichwa hugongana pia kwenye soka la mtaani, UMITASHUMTA na UMISSETA. Mara nyingi mtoto humwagiwa maji kichwani, huulizwa kama anaweza kuendelea, naye hujibu anaweza. Hataki kuiangusha timu. Ndiyo maana uamuzi huo si wake, ni wa mwalimu na mzazi.

Kwa vijiji vya delta ya Rufiji kama Mbwera, wilayani Kibiti, ambako safari hutegemea boti na maji kujaa au kupwa, maandalizi yaanze kabla ya filimbi. Waandaaji wajue nani atamtoa mtoto uwanjani, boti ipi itamsafirisha na maji yatajaa saa ngapi.

Mpeleke mtoto hospitali haraka ukiona mojawapo ya haya: amezimia, anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kumuuma, amechanganyikiwa, anapata degedege, mkono au mguu umelegea, anasinzia na haamki kwa urahisi, au damu au majimaji yanatoka puani au masikioni. Dalili zinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, hivyo asiachwe peke yake.

Asiye na dalili hizo za hatari naye asirudi uwanjani siku hiyo. Apumzike siku moja au mbili, kisha arejee masomoni na mazoezini taratibu, kwa ushauri wa mtaalamu.

Mwanao akirudi kutoka mechi, kabla ya kuuliza nani kashinda, muulize kama amegongwa kichwa. Akisema ndiyo, asigombezwe, la sivyo safari ijayo atanyamaza.