Mshauri Anahitajika Mapema, Si Siku ya Matokeo

Watahiniwa 962,512 walifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2024. Waliopata C+ na zaidi, alama inayomruhusu mtu kusomea shahada, walikuwa 246,391. Watatu katika kila wanne, basi, walikuwa na njia nyingine ya kutafuta. Lakini muulize mwanafunzi wa kidato cha nne pale Kotile au Masalani, kaunti ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, anataka kuwa nani: daktari, rubani, wakili. Muulize tena, ukipata C- je? Hana neno. Kumsaidia apate jibu la swali hilo la pili ni kazi ya mwalimu wa ushauri nasaha, na jibu lenyewe haliwezi kusubiri kidato cha nne.

Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikahimiza kila shule iwe na mwalimu wa kazi hiyo. Nusu karne imepita, na mwalimu huyo angali na vipindi vyake vya historia au Kiswahili, zamu ya wiki na rundo la madaftari ya kusahihisha. Ushauri hupata saa iliyobaki, kama imebaki. Garissa kuna tatizo jingine juu ya hilo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna wa kuwalaumu kwa kuondoka. Ila mwanafunzi alipoteza mwalimu wa fizikia, na pamoja naye mtu aliyemjua tangu kidato cha kwanza. Ushauri mzuri hutoka kwa anayekujua.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu mwanafunzi wa KCSE alichagua masomo ya kuendelea nayo kidato cha pili. KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, huangalia wastani wa jumla, kisha huangalia kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi, kilele chake kikiwa alama 48. Aliyeacha fizikia akiwa na miaka kumi na sita kwa kuwa rafiki yake ameiacha, ameuacha pia uhandisi, na huenda asijue hadi siku anapofungua tovuti kwenye saiba. Katika shule ndogo isiyo na mwalimu wa fizikia, mshauri hana budi kusema ukweli mapema, kisha aonyeshe kilichopo: biolojia na kemia bado zinamfikisha mtu kwenye uuguzi, kilimo na tiba ya mifugo.

Ngazi zenyewe si siri. C- inatosha kuanzia stashahada, D inatosha cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo bado ana kozi za fundi stadi. Mshauri anayezitaja ngazi hizi kwa sauti ya pole anaharibu kazi yake mwenyewe. Kotile ni nchi ya mifugo, na mwenye stashahada ya afya ya wanyama hakosi wa kumwita. Jirani hapo kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, inayomlinda hirola, swara ambaye duniani kote wamesalia chini ya 500. Hifadhi kama hiyo inahitaji askari, na inahitaji pia watu waliosomea wanyamapori na hesabu za fedha. Mjini Garissa kuna tawi la KMTC, chuo cha mafunzo ya kimatibabu, na kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2017, miaka miwili baada ya shambulio la Aprili 2015 chuoni humo lililoua watu 148. Wazazi hawajalisahau, wala mshauri asijifanye kwamba wamelisahau.

Baada ya mwanafunzi, kikao cha pili ni cha mzazi. "Mwalimu, huyu msichana akienda Nairobi atakaa kwa nani?" Swali la baba kama huyo si la kupinga elimu, nami huona walimu wengi wakilipokea kama upinzani. Linajibika: kuna bweni, kuna shangazi Eastleigh, kuna kozi hiyo hiyo Garissa. Akijibiwa vizuri, hata maneno ya posa husogezwa mbele.

Halafu kuna karatasi, na hapa ndipo mipango mingi ya vijana wa kaskazini mashariki huvunjikia. Tangu 2023 kupata nafasi chuoni ni jambo moja na kupata pesa ni jingine. Mwanafunzi huomba mwenyewe ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mkopo huo, akaunti ya benki, hata laini ya simu, vyote huuliza kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa hapa walipelekwa kwanza mbele ya kamati za kuwahoji, utaratibu ambao Rais Ruto alitangaza kuufuta akiwa Wajir Februari 2025. Kuna pia waliozaliwa Kenya na wazazi Wakenya, lakini wakati wa ukame familia zao zilijiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili zipate chakula. Walipofika miaka 18, alama za vidole zikawaita wakimbizi. Mshauri wa Garissa anayezungumzia ndoto tu bila kuuliza habari ya alama za vidole hajamaliza kazi.

Na majina! Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye usajili wa KCSE, jina la babu limeachwa pengine. Kurekebisha herufi moja kidato cha tatu ni barua na safari ya ofisini. Kurekebisha baada ya matokeo kunaweza kula mwaka mzima.

Mtaala mpya umeisogeza kazi hii chini zaidi. Kundi la kwanza liliingia Gredi 10 Januari 2026, likiwa limekwisha kuchagua kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Wanafunzi wa mwisho wa mtaala wa zamani watafanya KCSE 2027. Mtoto wa Gredi 9 sasa anaamua mambo ambayo kaka yake aliyaamua kidato cha pili, na shule nyingi za sekondari msingi hazijamteua hata mwalimu wa kumsikiliza. Wakuu wa shule wampunguzie mwalimu wa ushauri vipindi. Bila hivyo cheo chake ni cha ubaoni tu.

Nawe mzazi, likizo hii toa cheti cha kuzaliwa cha mwanao, kilinganishe herufi kwa herufi na jina alilosajiliwa shuleni, na shule zikifunguliwa nenda ukamwulize mwalimu ni masomo gani mtoto anataka kuacha, na kwa nini.