Viza ya mchumba au ya ndoa? Hesabu za kumfuata mwenzi Uingereza ukiwa na kazi ya Nairobi

Siku hizi si ajabu mtu kuhamia Uingereza kwa mwenzi wake huku akiendelea na kazi ya Nairobi. Kompyuta ni ileile, bosi ni yuleyule, mshahara unaingia benki ileile. Ila viza utakayoiomba ndiyo itakayoamua kama unaruhusiwa kuifungua hiyo kompyuta ukishatua Heathrow.

Tumchukue mhasibu wa Nairobi anayelipwa Sh170,000 kwa mwezi, ambaye mchumba wake ni raia wa Uingereza na anaishi huko. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme pauni moja ni Sh170, kwa hiyo mshahara wake ni £1,000 kwa mwezi. Ada tunazotumia ni zilizoanza Aprili 2025. Hupandishwa mara kwa mara, basi pitia tovuti ya gov.uk kabla ya kulipa.

Viza ya mchumba

Ada yake ni £1,938 na haidai malipo ya huduma za afya, ndiyo maana wengi huiona nafuu. Inakupa miezi 6 ya kuingia, kufunga ndoa na kuomba kibali cha kukaa ukiwa hukohuko. Kibali hicho ni £1,321, na hapo ndipo ada ya afya inapokudai: £2,587.50 kwa miezi 30. Jumla ni £5,846.50, karibu Sh994,000.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mwenye viza ya mchumba haruhusiwi kufanya kazi mpaka kibali cha pili kitoke, na katazo hilo halijali mwajiri wako yuko wapi. Kanuni mpya za Januari 31, 2024 zilizoruhusu kazi ya mbali ziliwalenga wageni wa matembezi, si wachumba. Mhasibu wetu akikaa miezi 6 bila mshahara, £6,000 zimekwenda. Isitoshe, ni waajiri wachache watakaomwekea mtu nafasi kwa muda huo.

Ndoa kwanza, viza baadaye

Hapa mnafunga ndoa Kenya, iwe ofisini kwa msajili, kanisani au kwa kadhi, kisha unaomba viza ya mume au mke ukiwa Nairobi. Hata ndoa ya kimila inafaa, mradi imesajiliwa na ina cheti chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Ada ya viza ni ileile £1,938, na ada ya afya ni £3,105 kwa sababu viza yenyewe ni ya miezi 33. Jumla £5,043, kama Sh857,000.

Ni pauni 803.50 pungufu ya njia ya kwanza, na viza ikishaanza kazi unafanya kazi kwa mwajiri yeyote, wa huko au wa kwenu. Hasara yake ni kusubiri mbali na mwenzi wako, ila unasubiri huku mshahara ukiingia.

Njia zote mbili zinadai uthibitisho wa Kiingereza wa kiwango cha A1 na cheti cha kupimwa kifua kikuu.

Matembezi

Viza ya matembezi ya miezi 6 ni £127. Ukiwa nayo unaweza kujibu barua pepe na kuhudhuria mikutano ya ofisi yako kwa mtandao, ilimradi kazi hiyo siyo sababu kuu ya safari. Ni njia nzuri ya kuonana mkisubiri. Lakini huwezi kuigeuza kuwa viza ya ndoa ukiwa huko. Lazima urudi uombe kutoka nyumbani.

Mshahara wako na kipimo cha £29,000

Tangu Aprili 11, 2024 mwenzi aliye Uingereza anatakiwa aonyeshe kipato cha angalau £29,000 kwa mwaka. Awali kilikuwa £18,600. Wengi hudhani mshahara wa Nairobi utajazia pengo. Hapana: mwombaji akiwa nje ya Uingereza, mshahara wake wa ajira hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni akiba, yake au yao wote wawili, iliyokaa miezi 6. Bila kipato chochote inahitajika £88,500. Kwa hiyo mwenzi wako akipungukiwa, weka akiba mapema badala ya kutegemea barua ya mwajiri.

Kodi na mkataba

Kazi ukiifanya ukiwa kwenye ardhi ya Uingereza, kodi yake ni ya huko hata kama mshahara unalipwa Nairobi. Nafuu ni kwamba £12,570 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi ya mapato, na mhasibu wetu anapata £12,000. Lakini sheria ya Kenya nayo inamtoza PAYE hata asiye mkazi, ikiwa mwajiri wake ni wa Kenya. Nchi hizi mbili zina mkataba wa kuzuia mshahara mmoja kutozwa mara mbili, ila haujitekelezi wenyewe; ni wewe wa kuudai.

Kwa mwajiri pia mambo hubadilika. Mfanyakazi aliye Uingereza huangukia sheria za kazi za huko, kikiwemo kima cha chini cha mshahara, ambacho Aprili 2025 kilipandishwa hadi £12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Ndiyo maana kampuni nyingi hupendekeza uwe mkandarasi wa kujitegemea. Ukikubali, kujisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya huko, na kulipa kodi ni juu yako, na likizo na pensheni ya kazini umezisahau.

Usisahau saa pia. Majira ya baridi, mkutano wa saa mbili asubuhi Nairobi ni saa kumi na moja alfajiri London.

Uamuzi

Kwa mwenye kazi ya kulinda, ndoa kwanza ndiyo nafuu, kwa ada na kwa mshahara. Viza ya mchumba inamfaa asiye na kazi ya kupoteza, au wasioweza kufunga ndoa Kenya. Na hiyo £12,000 isikudanganye: kima cha chini kwa saa 40 kwa wiki ni zaidi ya £25,000 kwa mwaka, kwa hiyo kazi ya Nairobi ikusaidie kuvuka miezi ya mwanzo huku ukitafuta nyingine. Kabla ya kulipa ada ya viza, pata kibali cha mwajiri kwa maandishi. Viza ikishaamuliwa, hata ukinyimwa, ile £1,938 hairudi.