Baali Ndani ya Ibada ya Yahwe: Huduma ya Nabii Hosea

Tunapofundisha juu ya manabii wa Israeli, mara nyingi tunadhani kwamba watu wa zama zile walimwacha Yahwe kabisa na kuifuata miungu mingine. Hali haikuwa nyepesi hivyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ibada ya sanamu aliyoipinga Hosea ilikuwa imeingia ndani ya ibada ya Yahwe mwenyewe, tena mbele ya macho ya makuhani.

1. Mvua na mkate

Hosea alihudumu katika Ufalme wa Kaskazini tangu siku za Yeroboamu wa Pili, katikati ya karne ya 8 K.K. Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru mnamo mwaka 722 K.K. Nchi ile haikuwa na mto kama Nile; mkulima aliishi kwa mvua. Maandishi ya Ugarit, yaliyoanza kufukuliwa huko Siria mwaka 1929, yanamwonyesha Baali kuwa mungu wa ngurumo na mvua. Hapo ndipo penye jaribu: Yahwe alitutoa Misri, lakini je, aweza kuotesha ngano? Hosea ajibu kwamba nafaka, divai na mafuta vilitoka kwa Yahwe, na Israeli hakujua (2:8).

2. Jina moja, mabwana wawili

Katika Kiebrania neno “baali” lina maana ya bwana, mwenye mali, au mume. Mtu aliweza kumwita Yahwe hivyo bila kuona kosa. Vigae vya Samaria vilivyofukuliwa mwaka 1910, vyenye kumbukumbu za divai na mafuta za karne ya 8 K.K., vina majina ya watu yaliyoundwa kwa jina la Yahwe, na mengine kwa neno “baali”. Ndiyo maana Hosea atangaza siku ambayo Israeli atamwita Mungu “ishi”, mume wangu, wala si “baali” tena (2:16). Kwa nabii, jina lililochanganyika huleta imani iliyochanganyika.

3. Hukumu juu ya makuhani

Katika sura ya 4 lawama kubwa yawaangukia makuhani, kwa kuwa wameyakataa maarifa ya Mungu, na watu wanaangamia kwa kuyakosa. Zaidi ya hayo, wanajilisha kwa dhambi ya watu (4:8). Kwa sheria, kuhani alikula sehemu ya sadaka ya dhambi (Law. 6:26). Basi dhambi ilipoongezeka, chakula chake nacho kiliongezeka. Madhabahu zikazidi (8:11), lakini toba haikuonekana.

Hitimisho

Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu hukitegemea ndicho mungu wake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama jina la Mungu latajwa mimbarani. Yatupasa kuuliza ni Mungu yupi anayehubiriwa chini ya jina hilo. Mhubiri anayeahidi mavuno kwa kadiri ya sadaka amemrudisha Baali hekaluni, na kwa kuwa yeye mwenyewe hula katika sadaka hiyo, itamwia vigumu kumtoa. Hosea aliwaonya makuhani kwanza, kisha watu. Nasi tunaosomea na kutenda kazi hiyo tuisikie sauti yake kwa utaratibu huo huo.